Walther Dobbertin (1882-1961) na Taswira ya Wapagazi wa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Katika historia ya upigaji picha Afrika Mashariki, jina la Walther Dobbertin ni vigumu kuepukwa. Mjerumani huyu aliyezaliwa mwaka 1882 alihamia koloni la nchi yake mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungua studio Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa muhtasari na kuonyesha jinsi kamera yake ilivyoisawiri kazi ya Mwafrika.

2.0 Studio na njia za misafara

Zama hizo zilikuwa za shuruti. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbini, kusini mwa mto Rufiji, na kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilikuwa miongoni mwa sababu zake. Dobbertin alipiga picha za masoko, mashamba na misafara ya wapagazi. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914 alijiunga na jeshi la koloni, akaendelea kupiga picha, na hatimaye akatekwa na Waingereza.

3.0 Mizinga ya Rufiji

Miongoni mwa yaliyohifadhiwa katika picha zake ni manowari Königsberg na mizinga yake. Baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, manowari hiyo ilijificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, eneo ambalo leo limo wilayani Kibiti. Sehemu za mitambo yake zilizoharibika zilikokotwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ilishindwa na meli za Severn na Mersey. Hata hivyo, mizinga yake 10 iliopolewa, ikavutwa kwa kamba na mamia ya watu, na kutumika vitani kwingineko nchini.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1932 Dobbertin alichapisha kitabu cha picha ambacho jina lake liliwatukuza askari wa Lettow-Vorbeck. Alifariki mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru. Picha zake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani.

Thamani yake ni kwamba aliihifadhi miili iliyobeba mizigo ya koloni. Upungufu wake umo katika lugha. Manowari ina jina, na kamanda wake, Max Looff, ana jina. Aliyevuta kamba ni mpagazi tu, na neno hilo hutaja kazi bila kumtaja mtu. Kwa hiyo, picha hizi hazina budi kusomwa sambamba na masimulizi ya wakazi wa delta, kabla kumbukumbu za koo hazijatoweka.