Johann Ludwig Krapf na Deni la Chanzo: Maisha ya Mwanakamusi na Suala la Marejeo katika Taaluma ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya uandishi wa tasnifu, suala la marejeo hufundishwa aghalabu kama suala la umbo. Mwanafunzi huelezwa mahali pa kuweka mwaka, mahali pa nukta na mahali pa mkato, namna ya kupanga majina kwa alfabeti na upana wa pambizo. Mambo hayo yana umuhimu wake, kwani tasnifu isiyo na utaratibu humchosha msomaji na kumtia shaka mtahini. Hata hivyo, umbo hilo lina kiini chake, nacho ni wajibu wa mtafiti kuonyesha ni kipi alichokipata mwenyewe, ni kipi alichokipata kwa wengine, na wengine hao ni akina nani.

Makala hii inayapitia maisha ya Johann Ludwig Krapf kwa kuuzingatia wajibu huo. Krapf anajulikana zaidi kama mmisionari na msafiri, na wanaisimu humkumbuka kwa sarufi yake ya 1850 na kamusi yake ya 1882. Kipengele kisichotazamwa sana ni jinsi alivyozishughulikia taarifa alizopewa na watu wengine. Katika kipengele hicho Krapf ni mfano wa kuigwa, na papo hapo ni mfano wa kujihadhari nao.

2.0 Ujana na Safari ya Kufika Mvita

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mkulima. Alisomea umisionari mjini Basel na teolojia mjini Tübingen, kisha akaingia katika utumishi wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwaka 1837 alipelekwa Uhabeshi. Huko alijifunza lugha za nchi hiyo, ikiwamo lugha ya Waoromo, na akakusanya hati za kale. Kwa mchango wake katika utafiti wa lugha za Uhabeshi, Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunukia shahada ya udaktari mwaka 1842. Ni vyema kulizingatia jambo hili: mwanakamusi wa kwanza mkubwa wa Kiswahili alipata udaktari wake kwa kazi ya ukusanyaji na uhifadhi wa matini, yaani kazi ya kuvitunza vyanzo.

Milango ya Uhabeshi ilipofungwa, Krapf aligeukia pwani. Alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya Sayyid Said ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na Mei mwaka huo akahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kuitafsiri Kazi ya Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata mkewe, Rosina, alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga alifariki siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, lakini aliendelea na kazi. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Ni miongoni mwa matini za mwanzo kabisa za Kiswahili kupigwa chapa kwa hati ya Kirumi.

Tafsiri hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Katika kitabu cha safari zake, Krapf anamtaja kadhi wa Mombasa mwenye asili ya Barawa, Sheikh Ali bin Mohiddin, ambaye jina lake limeandikwa kwa tahajia mbalimbali, kuwa ndiye aliyemsaidia. Mgeni aliyekuwa na muda usiozidi miezi michache pwani asingeweza kuifanya kazi hiyo bila ya mwenyeji aliyeimiliki lugha na elimu. Jina la Sheikh Ali limehifadhiwa katika kitabu cha safari. Lau Krapf angeliacha, leo pasingekuwa na njia ya kumtaja mshiriki huyo wa mwanzo wa historia ya tafsiri katika Kiswahili.

3.0 Mgogoro wa Ushahidi: Mlima wenye Theluji

Mwaka 1846 Krapf aliungana na Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji iliyokuwa kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona Mlima Kenya, ambao habari zake alikuwa amekwisha kuzipata kwa kiongozi wa Wakamba aliyeitwa Kivoi.

Taarifa hizo zilipochapishwa Uingereza, zilipingwa vikali na mwanajiografia William Desborough Cooley. Cooley hakuwahi kufika sehemu hizo, lakini alikuwa amekusanya habari nyingi za bara kutoka kwa wasafiri na vitabu, na kitabu chake cha 1852 kilipata wasomaji. Kwake yeye, theluji karibu na Ikweta ilikuwa ndoto ya wamisionari. Mzozo huo haukwisha upesi. Ni baada ya safari za Baron Karl Klaus von der Decken katika miaka ya 1861 na 1862 ndipo habari za theluji ya Kilimanjaro zilipothibitishwa na mtu wa pili. Kuhusu Mlima Kenya, Joseph Thomson aliuona mwaka 1883, wakati ambapo Krapf alikuwa amekwisha kufariki.

Kwa mtafiti, mgogoro huu una funzo la kimbinu. Cooley alikuwa na marejeo mengi, na Krapf na Rebmann walikuwa na machache. Kilichowaokoa wamisionari hao ni kwamba walikuwa wameandika tarehe, mahali waliposimama, na majina ya waliowaeleza. Kwa sababu hiyo madai yao yaliweza kupimwa na wengine waliofuata njia zilezile. Wingi wa marejeo pekee hauthibitishi dai. Marejeo hupata nguvu pale yanapomwezesha mtu mwingine kurudi kwenye chanzo na kukagua.

4.0 Hati, Msamiati na Kamusi

Mwaka 1850 Krapf alichapisha Tübingen maelezo ya sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo msamiati linganishi wa lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Mwaka 1854 alizipeleka Ujerumani, katika maktaba ya Chama cha Mashariki mjini Halle, hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ukiwamo Utendi wa Tambuka. Kwa kuwa hati hizo ziliwekwa katika maktaba yenye utaratibu, wataalamu waliofuata, kama Carl Büttner na Carl Meinhof, waliweza kuzifanyia kazi miongo kadhaa baadaye. Mtafiti anayeutaja utendi huo katika tasnifu yake anaweza kutaja mahali hati ilipo, na msomaji wake anaweza kuitafuta. Hii ni faida ambayo kazi nyingi za fasihi simulizi zilizokusanywa katika karne ya ishirini hazina, kwa kuwa kanda na madaftari yake hayakuwekwa popote panapojulikana.

Kazi kubwa ya Krapf, kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza, ilitoka London mwaka 1882. Mtunzi wake hakuiona, kwani alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi hiyo ina kasoro zinazojulikana. Tahajia yake ilikwisha kupitwa na ile ya Edward Steere, ambaye kitabu chake cha 1870 kiliegemea Kiunguja, na mpangilio wa vidahizo vyake humpa msomaji wa leo taabu. Hata hivyo, kwa kigezo cha marejeo, kamusi hiyo iko mbele ya nyingi zilizoifuata. Neno alilolipata kwa Rebmann, Krapf alilitia alama ya jina la Rebmann. Alilolichukua kwa Steere alilionyesha kuwa ni la Steere. Pale neno lilipokuwa la Kimvita au la Kiunguja, mara nyingi alieleza hivyo, na pale alipokuwa na shaka aliweka alama ya kuuliza.

Alama hizo ndogo ndizo zinazomwezesha mwanaisimu kuitumia kamusi hiyo kama data. Anaweza kutenga yaliyosikiwa na Krapf mwenyewe Mombasa katika miaka ya 1840 na yale yaliyotoka kwa Steere Unguja miaka ishirini na zaidi baadaye. Mchakato wa usanifishaji ulipochukua Kiunguja kuwa msingi, kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, mahitaji yalikuwa mengine, na Kamusi Sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikusudiwa kutoa lugha moja kwa shule na ofisi. Anayetaka historia ya neno na lahaja yake hulazimika mara kwa mara kurudi kwa Krapf.

5.0 Waliosema na Walioandika

Hata hivyo, mfumo wa alama wa Krapf una pengo kubwa. Herufi za kutambulisha chanzo zilitengwa kwa watu waliokwisha kuandika: Rebmann na Steere walipata zao. Wazungumzaji wa Mombasa na Rabai, ambao midomoni mwao ndimo yalimotoka maelfu ya vidahizo, hawakupewa herufi. Wapo waliotajwa katika kitabu cha safari, kama Sheikh Ali na Kivoi, lakini katika kamusi mchango wa wenyeji umemezwa na jina la lahaja. Neno husemwa kuwa ni la Kimvita, na Mmvita aliyelitoa hajulikani.

Krapf alikuwa na mfano bora mkononi mwake. Rebmann, aliyefariki mwaka 1876, aliacha muswada wa kamusi ya Kinyanja, lugha aliyoiita Kiniassa. Alijifunza lugha hiyo kwa Salimini, mtu wa nchi ya Nyasa aliyetekwa na kufikishwa Mombasa akiwa mtumwa. Krapf aliuhariri muswada huo na kuuchapisha mwaka 1877 kwa jina la Rebmann, bila ya kujitwalia kazi ya mwenzake, na habari za Salimini zimehifadhiwa pamoja nao. Hivyo mtu aliyenyang'anywa uhuru wake hakunyang'anywa ushahidi wake. Kamusi ya 1882 haikufuata njia hiyo kwa ukamilifu.

Pengo hilo bado lipo katika tasnifu nyingi. Mwanafunzi huandika orodha ndefu ya vitabu kwa uangalifu mkubwa, kisha katika sura ya data huwataja watu waliompa lugha kwa jumla yao tu, kwamba ni wazee kadhaa wa kijiji fulani. Wilaya ya Kilosa inatoa mfano mzuri. Mmisionari J. T. Last, aliyeishi Mamboya, alichapisha msamiati linganishi wa lugha za Afrika Mashariki mwaka 1885 na sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Mtafiti anayekwenda leo Mamboya kwa Kikaguru, au Kilangali kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyokutana na lugha za wenyeji, ataitaja kazi ya Last bila ya kusita kwa sababu ina jina, mwaka na jiji la uchapishaji. Msailiwa wake wa Kilangali anastahili uangalifu uleule: jina kama ameridhia litajwe, au namba ya utambulisho kama hakuridhia, umri, lugha anazozijua, mahali alipokulia, tarehe ya mahojiano, na mahali kanda au daftari lilipowekwa. Pasipo taarifa hizo, mtafiti wa pili hawezi kujua kama tofauti anayoiona ni ya lahaja, ya rika, au ya mtu mmoja.

6.0 Hitimisho

Maisha ya Krapf yanaonyesha kwamba utajaji wa vyanzo katika taaluma ya Kiswahili una historia ndefu kuliko miongozo ya vyuo vikuu. Katika suala la milima, tarehe na majina yaliyohifadhi ushahidi wake yalishinda hoja za msomi wa maktabani. Katika suala la hati, kuziweka mahali panapojulikana kuliwapa kazi wataalamu wa vizazi vilivyofuata. Katika kamusi, alama za vyanzo na lahaja zimeifanya kazi ya 1882 iendelee kutumika ijapokuwa tahajia yake imekufa.

Alipokosea ni pale alipodhani kuwa chanzo ni yule aliyeandika tu. Kosa hilo halisahihishwi kwa kubadili mtindo wa nukta na mkato. Linahitaji msimamizi na mtahini waiulize sura ya data maswali yaleyale wanayoiuliza orodha ya marejeo: nani amesema, lini, wapi, na msomaji atamfikiaje. Tasnifu inayoweza kuyajibu maswali hayo itakuwa imelipa deni lake kwa waliotangulia na kwa wale walioketi na mtafiti wakamfundisha lugha yao.