King Hubbert na maji yanayosukuma mafuta

Sisi watu wa mine tunajua maji. Pompi ikisimama, fasi tuliyochimba jana inageuka ziwa. Leo tunasimulia maisha ya bwana mmoja wa Marekani aliyefuata maji hayo ya chini ya udongo mpaka kwenye mafuta ya petroli.

Marion King Hubbert alizaliwa mwaka 1903 kule San Saba, Texas. Alisoma Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akafundisha Columbia, New York. Mwaka 1940 alitoa andiko refu juu ya mwendo wa maji ndani ya miamba. Wakati ule wataalamu wengi walisema maji yanatoka kwenye presio kubwa kwenda kwenye presio ndogo, basi. Hubbert akakataa. Angalieni puits iliyojaa maji: presio kubwa iko chini kabisa, lakini maji hayapandi yenyewe! Lazima kuhesabu presio pamoja na kimo cha fasi yenyewe. Mfaransa Henry Darcy alikuwa amepima jambo hilo kwa mchanga, Dijon, mwaka 1856, lakini wengi walimsoma vibaya.

Mwaka 1943 Hubbert akaingia Shell. Kazi yake ya mwaka 1953 njo inatugusa zaidi. Wachimbaji walijua kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda mpaka kwenye mgongo wa mwamba uliopinda, yanazuiwa na tabaka lisilopitisha kitu. Kwa hiyo walitoboa kileleni. Hubbert akaonyesha kwamba maji yakitembea ndani ya mwamba, mafuta hayatulii sawa kama ndani ya sahani. Yanainama kufuata maji, yanasogea ubavuni, na maji yakiwa na nguvu yanayafagia yote. Mafuta mazito yanasogea mbali zaidi. Gesi, ju ni nyepesi sana, inabaki karibu na kilele. Mtu anaweza kutoboa kileleni, akakuta maji matupu, akafunga vyombo na kwenda, kumbe mali iko pale pembeni. Na kutoboa ni feza mingi.

Kule Wyoming, kwenye mafuta ya Frannie, mwinamo huo unaonekana wazi.

Wengi wanamkumbukaka kwa hesabu yake ya mwaka 1956, aliposema mafuta ya Marekani yatafika kilele kati ya 1965 na 1970, na mwaka 1970 yakafika. Alikufa mwaka 1989. Mpaka leo, wanaotafuta mafuta wanapima presio ya maji kwenye visima mbalimbali, wajue kwanza maji yanaelekea wapi.