Bayume Mohamed Husen: Askari mtoto aliyefuata mshahara wake hadi Berlin

Tukitaja vita vya Mjerumani hapa Moshi, jina linalokuja kwanza ni la Lettow-Vorbeck, kamanda aliyeweka makao yake mjini kwetu hadi Waingereza walipoingia Machi 1916. Leo, msikilizaji, tumtazame askari wake mmoja, na deni lake.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake, mwenye asili ya Sudan, alikuwa askari wa Mjerumani. Vita vilipoanza 1914, mtoto huyo wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake.

Jeshi lenyewe lilikuwa na shida ya fedha. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na pesa kutoka Ujerumani hazikufika. Noti zikachapishwa humu nchini, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikatengeneza sarafu, nyingine za dhahabu ya Sekenke. Kadiri jeshi lilivyorudi nyuma kuelekea kusini, ndivyo mshahara ulivyogeuka kuwa deni la kwenye karatasi. Novemba 1918 silaha zikawekwa chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Askari walirudi makwao wakidai.

Kijana wetu alipata kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Huko aliomba malimbikizo ya mshahara wake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita. Angewahi vipi? Mdai alikuwa Dar es Salaam, mwenye daftari la malipo alikuwa Ulaya.

Alibaki Berlin kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumia wateja hotelini, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu kadhaa, akaoa Mjerumani. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350, wengi wao bila karatasi yoyote mkononi. Husen alikuwa amekufa miaka 20 kabla.