Beatson wa Scotland na Kidonge cha Shangazi

Shangazi yangu ni mkaazi wa Bondeni, Nakuru. Mwaka jana alitolewa uvimbe wa saratani ya titi, akaandikiwa tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka mitano. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta ameacha kumeza. Vilikuwa vikimtia joto usiku, na jirani alimwambia kuwa ni dawa ya kupanga uzazi tu. Baada ya Isha nikamhadithia habari za George Beatson.

Beatson alizaliwa mwaka 1848 huko Ceylon, leo Sri Lanka, akasomea udaktari Edinburgh. Ujanani aliishi mashambani Scotland, kwenye makundi ya kondoo kama ya Molo, akaandika tasnifu juu ya utoaji wa maziwa. Alijifunza kuwa zipo nchi ambako wafugaji humtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yasikatike. Akawaza kuwa ikiwa ovari hulitawala titi kutoka mbali, huenda ndizo zinazolisha na uvimbe wake.

Juni 1895, mjini Glasgow, alimtoa ovari mama wa miaka 33 ambaye saratani ilikuwa imemrudia. Baada ya miezi uvimbe ukanywea. Mwaka 1896 akaichapisha habari hiyo katika jarida la Lancet. Mama yule aliishi miaka kadhaa, kisha maradhi yakarudi. Madaktari wengine walipojaribu, alipata nafuu takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na sababu haikujulikana. Beatson alifariki 1933 bila kuipata.

Sababu ni hii. Ovari hutoa homoni ya estrojeni. Baadhi ya saratani za titi zina vipokezi, mfano wa kufuli, na estrojeni ndiyo ufunguo. Tamoksifeni, iliyotengenezwa Uingereza 1962, huliziba tundu la kufuli. Jirani hakuzua: mwanzo ilitafutwa kama dawa ya kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo.

Dawa za namna hii hupimwa maabara kama zinashika vipokezi. Kisha hupewa panya wachanga, ukapimwa uzito wa fuko la uzazi, kwani estrojeni hulikuza. Mwisho wagonjwa wanaomeza hulinganishwa na wasiomeza kwa miaka mingi. Kwa saratani yenye vipokezi, miaka mitano ya tamoksifeni imeonekana kupunguza vifo kwa takriban thuluthi. Ina madhara pia: damu kuganda mishipani, na kwa waliokoma hedhi, hatari ya saratani ya fuko la uzazi. Ukitokwa na damu isiyo ya kawaida, usinyamaze.

Shangazi akaleta faili lake. Kipande cha uvimbe kilikuwa kimepimwa, na vipokezi vimo. Asubuhi tulikwenda kwa daktari wake kumweleza lile joto, na jioni alimeza kidonge.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mgonjwa wa titi, muulize swali moja: je, vipokezi vimepimwa?