Boriti, Karatasi na Kifua cha Mgonjwa

Katika masomo ya mbinu za kufundishia tunasisitiza kwamba mtoto anayekutana na tatizo geni asaidiwe kulilinganisha na jambo alijualo. Maisha ya René Laennec, daktari Mfaransa aliyebuni stethoskopu, yanaonyesha vema jinsi fikra za namna hiyo zinavyotenda kazi.

Laennec alizaliwa mwaka 1781 mjini Quimper. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na ami yake, daktari wa Nantes. Huko Paris alifundishwa na Corvisart, aliyewazoeza wanafunzi wake kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza mlio wake. Tena alikuwa mpiga filimbi; mambo ya sauti, basi, hayakuwa mageni kwake.

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, alimpima mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kugonga hakukufaa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mnene. Kumwekea sikio kifuani kungevunja adabu. Hapo alikumbuka kwamba mtu akitega sikio kwenye ncha moja ya boriti, husikia wazi pini inayokwaruza ncha ya pili. Boriti na kifua havifanani kwa sura hata kidogo. Kinachofanana ni utendaji: sauti hafifu, kitu cha kuisafirisha, na sikio. Alikunja karatasi akaikaza, akaweka ncha moja kifuani, akausikia moyo kwa uwazi ambao hakuwahi kuupata. (Hadithi kwamba aliwaona watoto wakicheza hivyo inapendeza darasani, ila yeye mwenyewe hakuiandika.)

Linalofuata husahauliwa mno. Boriti haina tundu, lakini karatasi ile, hata ikazwe vipi, ilibaki na tundu katikati. Laennec hakulipuuza. Alijaribu vitu mbalimbali, akaona kwamba kwa sauti za pumzi tundu lafaa zaidi, ndipo akachonga bomba la mbao. Mfano ulimfikisha mlangoni tu. Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi mwalimu akitoa mfano mzuri, kisha akafuta ubao bila kuwauliza watoto mfano huo unakomea wapi.

Kwa miaka mitatu alilinganisha aliyoyasikia kwa wagonjwa na aliyoyaona katika maiti za waliokufa, akachapisha kitabu chake mwaka 1819. Alifariki tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45, kwa kifua kikuu, ugonjwa aliokuwa amewafundisha madaktari kuutambua kwa sikio.