Sir Harry Johnston na Mafuvu ya Okapi

Okapi ni nyama wa inchi yetu, hata kama wengi wetu tunamjua kwa picha tu. Lakini wenye elimu wa Ulaya walimjua namna gani? Tutazame maisha ya Harry Johnston.

Alizaliwa London mwaka 1858. Alisomea kuchora picha, tena alipenda sana lugha na nyama wa pori. Kazi ya serikali ya Uingereza ikamleta Afrika, na mwaka 1889 alifika mpaka kusini ya ziwa letu Tanganyika. Toka 1899 mpaka 1901 alikuwa mkubwa wa serikali kule Uganda. Ndiye aliyefanya Mapatano ya Buganda ya 1900, yaliyoleta kodi ya nyumba.

Wakati ule Mdachi mmoja alikuwa amekamata Wambuti kusudi awaonyeshe watu kule Paris. Johnston akawaokoa, akawarudisha kwao Kongo. Akawauliza juu ya yule nyama kama punda ambaye Stanley alimwandika mwaka 1890. Wakamwambia wanamjua, na miguu yake ina mistari. Kwenye kituo cha Mbeni, upande wa mto Semliki, akaona askari wamejikatia mikaba ya ngozi yake. Akatuma vipande viwili London. Wenye elimu wakafikiri ni namna ya punda milia.

Mu pori, watu wa kule wakamwonyesha nyayo za okapi. Kwato zilipasuka mbili, kama za ngombe. Johnston akakataa, sababu alikuwa anatafuta nyama wa jamaa ya farasi, na farasi ana ukwato moja tu kwa kila mguu. Akafikiri ni nyayo za pofu. Kiisha homa ikashika watu wake, wakarudi bila kumwona okapi.

Mwaka 1901 Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa serikali ya Kongo, akamtumia ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo mambo yakawa wazi. Farasi ana meno ya mbele juu na chini. Okapi hana ya juu, sawa na mbuzi. Tena, katika safu ya mbele ya chini, jino la mwisho kila upande limegawanyika mbili, na hiyo ni alama ya jamaa ya twiga. Kumbe okapi ni ndugu ya twiga! Na zile nyayo zilikuwa za kweli. Johnston mwenyewe aliandika katika kitabu chake kwamba hakuwaamini.

Alikufa mwaka 1927. Jina la elimu la okapi ni Okapia johnstoni mpaka leo. Majina ya wale waliomwonyesha nyayo hayamo.

Basi, siku mukiokota mfupa wa zamani kule milimani, musiupe jina upesi. Tazameni meno, tazameni kwato kama ziko, mulinganishe na taya la mbuzi kutoka jikoni. Kiisha muulize wawindaji wazee, na mukubali kusikia jibu ambalo hamukulitazamia.