Maria Montessori na Viti Vidogo vya San Lorenzo

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, ilifunguliwa nyumba ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa vibarua maskini jijini Roma. Kampuni iliyokarabati majengo ya pale ilikuwa imechoshwa na watoto waliobaki peke yao mchana kutwa, wakichafua kuta na kuharibu ngazi wakati wazazi wako kazini. Ikamwomba Daktari Maria Montessori awasimamie. Walikuwa kama 50, wenye umri wa miaka 3 hadi 6 hivi.

Maria alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, wakati madaktari wanawake nchini mwake walihesabika kwa vidole. Alianza kwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, na huko ndiko maswali yake juu ya shule yalikoanzia.

Swali mojawapo lilihusu dawati. Wataalamu wa zama zile waliona kwamba watoto wa shule wanapinda uti wa mgongo. Wakapima urefu wa mtoto, urefu wa miguu yake, umbali kati ya kiti na meza, kisha wakaunda dawati la kisayansi: limekazwa sakafuni, na nafasi yake ni finyu kiasi kwamba mtoto hawezi hata kujigeuza. Maria aliyapinga madawati hayo kama daktari. Ikiwa kukaa bila kujigeuza ndiko kunakompinda mtoto, kwa nini asiachwe ainuke?

Akatengenezesha meza nyepesi ambazo watoto wawili wadogo waliweza kuzibeba, viti vya kimo chao, makabati mafupi, na mahali pa kunawia ambapo mtoto alifika mwenyewe. Wakosoaji wakasema viti vitaanguka na kelele zitazidi. Yeye aliiona kelele hiyo kuwa na faida. Kiti kikianguka, mtoto anasikia kwa masikio yake kwamba amepita vibaya, bila kukemewa na mtu. Siku akipita katikati ya viti vyote pasipo kukigusa hata kimoja, kila mtu anaona kwamba ameanza kuutawala mwili wake. Sisi wanafunzi wa falsafa tumejaza madaftari juu ya umoja wa roho na mwili kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino, lakini sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kuwaza juu ya kimo cha kiti.

Kazi hiyo ilifika hadi kanisani. Huko Barcelona, Hispania, alikokwenda kufanya kazi mwaka 1915, watoto walitengenezewa kikanisa chao, chenye viti vidogo na vyombo vya maji ya baraka vilivyowekwa chini, mkono wa mtoto uvifikie. Niliposoma habari hiyo niliona aibu. Nimewahi kufundisha watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia moja, wakikaa kwenye mabenchi ya watu wazima, miguu ikining'inia hewani. Mara ngapi niliwakaripia watulie!

Hata hivyo, maisha yake yalikuwa na jeraha. Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa, na mtoto akapelekwa kulelewa na familia nyingine shambani. Nyumba ya San Lorenzo ilipofunguliwa, Mario alikuwa na miaka 8 na hakuishi na mama yake. Alikuja kukaa naye akiwa kijana wa miaka 15 hivi, na kwa muda mrefu watu waliambiwa kuwa ni mpwa wake. Shule za Maria zilipofungwa Italia baada ya yeye kukosana na serikali ya Mussolini, Mario alikuwa pamoja naye, na mwaka 1939 walisafiri wote kwenda India, wakafundisha huko miaka yote ya vita.

Maria alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo. Katika wosia wake alimtaja Mario kuwa ni mwanawe.